Plasta ya Katikati

Oli, Arua
Jumamosi, saa kumi jioni

Ayikoru mwanangu,

Sikuulizi hali, kwa sababu asubuhi tumekunywa chai kwenye meza moja, na katika chai nzima umenipa maneno manne: ndiyo, hapana, iko, sawa. Salamu za nyumbani pia sikuletei. Watu wa nyumbani ni mimi na wewe, na wewe sasa hivi uko Adumi na shangazi yako, mnamuaga bibi. Nimebaki na masanduku yako matatu ya mbao hapa uani. Tangu saa nane nayazunguka. Nimekaa, nimesimama, nimekwenda karakana nikarudi mikono mitupu. Mwisho nimechukua karatasi, maana nikisubiri urudi nitafungua kinywa, nawe utafungua chako, na tutaanza tena yale yale.

Mambo ya kufunga mlango, ya wezi wa simu, ya kuchagua marafiki, shangazi yako ameshakuhubiria mara tatu, na mara ya nne ni leo mkiwa njiani. Mimi nayaruka. Nina jambo moja tu.

Plasta ile ya katikati, ile uliyoitundika juu kuliko nyingine zote kwenye sanamu yako, ni mguu wa mama yako.

Haya, nimesema. Wiki tatu nimelibeba, na wewe unapita mbele yangu na koleo lako na nyaya zako, umenuna, huulizi kitu. Najua mimi ndiye niliyenuna kwanza. Lakini jamani, Ayikoru, mtu huwezi hata siku moja kumuuliza baba yako kwa nini anakasirika? Unachukua hasira ya mtu unaiweka pembeni kama sufuria chafu, unaendelea na kazi. Hiyo tabia umeitoa wapi? Usinijibu, najua umeitoa wapi.

Uliipata kwenye sanduku la bati chini ya kitanda changu, imefungwa kwa shati langu kuukuu. Siku hiyo nilikuwa mbele ya tanuri, plastiki imeshalainika, nawe unajua plastiki ikilainika haimngoji mtu. Ukaita kutoka mlangoni, "Baba, hii plasta ya nani?" Nikajibu bila kugeuza shingo, "Ya zamani." Basi. Kwako ya zamani ikawa haina mwenyewe. Ukaichukua, ukaichimba ndani, ukaitia taa. Nilipoiona tena ilikuwa inaning'inia mbele ya watu.

Basi lako linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Kabla halijaondoka lazima mtu aamue kama plasta ile inakwenda Kampala kuonyeshwa watu au inabaki hapa. Mtu huyo ni wewe, kwa sababu mimi nimejaribu nimeshindwa. Leo nimefungua sanduku lako la pili mara mbili, nimeitoa na kuirudisha, na mara ya pili nimejigonga kidole kwa nyundo. Lakini huwezi kuamua kitu usichokijua. Kwa hiyo soma, na usiruke mistari kama unavyoruka mistari ya maombi kanisani, nakuonaga.

Kwanza niseme ukweli: sanamu yako inanitia wazimu. Plasta arobaini za vigutu vya wagonjwa wangu, zimetundikwa kwa nyaya za breki za baiskeli kwenye duara la chuma, kila moja na taa yake, nawe unasimama kando unawaambia watu hawa ndio binadamu wa kesho, wamevua miili yao kama mtu anavyovua koti. Hawana mikono wala tumbo wala magoti. Mimi kazi yangu ni magoti! Nimekulisha kwa magoti tangu ulipoota meno.

Naandika na haya ili siku ukimsomea mtu barua hii asipotee. Mtu aliyekatwa mguu hubaki na kigutu. Anakuja kwangu, nakizungushia bandeji yenye plasta, ikikauka navua ganda, ndani ya ganda namimina plasta nyingine. Kinachotoka ni kigutu chake kile kile, cheupe na kizito, cha kushika mkononi. Nakichonga kidogo hapa, naongeza kidogo pale, kisha navuta plastiki ya moto juu yake. Plastiki ikipoa inakuwa kikombe, na ndani ya kikombe hicho ndimo mtu ataingiza mguu wake kila asubuhi mpaka kichakae. Plasta imemaliza kazi. Mara nyingi inavunjika wakati wa kuitoa, chache zinatoka nzima, na zote zinakwenda shimoni nyuma ya karakana. Wewe umeokota humo tangu una miaka kumi. Nilidhani unacheza.

Halafu ukakua ukanieleza. Mwili ni mzigo, Baba. Siku moja mtu atatolewa mwilini na kuwekwa mahali pengine, kama unavyohamisha picha kutoka simu hii kwenda simu nyingine. Nikakukumbusha kwamba mimi nilipobadilisha simu picha zangu zote zilipotea, hata zile za kipaimara chako, na kijana wa dukani akaniambia pole mzee. Ukasema sielewi. Kweli sielewi. Ninayemwelewa ni mtu anayeingia mlangoni kwangu kwa magongo mawili na kutoka kwa gongo moja.

Sasa ile Jumapili uliyowaonyesha watu. Watu walikuja baada ya ibada, umewapangia viti, umewasha taa zako ndani ya kibanda ulichokizungushia turubai. Mtu wa kwanza kusema alikuwa Papa Yohana, yule Mkongo fundi wa baiskeli aliyekuchomelea duara. Akaizunguka sanamu mara mbili, mikono nyuma.

"Hii mutu, kichwa yake iko wapi?"

"Kichwa hapana, Papa," ukamwambia. "Hii ni watu ya mbele. Mwili imekwisha. Imebaki ile mutu yenyewe."

"Imebaki wapi sasa?"

"Kwa hii taa."

Papa Yohana akaangalia taa, akaangalia waya mpaka kwenye betri. "Na umeme ikikatika?"

Watu wakacheka, na mimi ndiye niliyecheka kuliko wote. Sikupaswa. Uliniangalia mara moja tu, ukageuka.

Ndipo akaja Mama Rebeka, anayeuza samaki wakavu, yule aliyevuka na wanawe kutoka Sudan Kusini na kunikuta mimi kabla hajapata hata nyumba. Miguu miwili nimemtengenezea, wa kwanza ulichakaa kwa kucheza. Akasogea karibu, akashika plasta moja kwa chini kama mtu anayepima embe.

"Hii ni yangu," akasema. "Ona hii alama hapa nyuma. Mimi naijua hii."

Ukamwambia ndiyo, ni yake, naye akafurahi, akawaita wenzake waje waone. Kisha akakuuliza, "Sasa huko mbele, mguu yangu hapana?"

"Hapana, Mama. Huko hakuna mguu, hakuna kuumia."

"Na mimi nacheza na nini?"

Ulitoa daftari ukaandika. Mwanamke amekuuliza swali la uzima wake, na wewe unaandika! Nilitaka kukunyang'anya kalamu. Na ni wakati ule, nikitafuta la kukuambia, niliponyanyua macho juu katikati na kuiona.

Niliijua kabla sijaifikiria. Nimeishika plasta ile mara nyingi kuliko nilivyoshika mkono wako. Nikasikia sauti yangu ikisema mbele ya watu wote kwamba hii ni takataka ya karakana, kwamba mimi naketi miaka yote hii kuwarudishia watu miguu na mtoto wangu anawatundika kama nyama buchani. Mama Rebeka akavuta kitenge chake akafunika mdomo. Nawe ukasema, "Iko sawa, Baba," ukaanza kuzima taa moja moja.

Takataka haikuwa neno la kweli. Nalirudisha. Nililitoa kwa sababu niliogopa, na mtu mzima akiogopa anatukana. Nisamehe.

Sasa nikueleze kilichoniogopesha.

Mama yako aliletwa karakana na kaka yake kutoka Lurujo, kule Koboko, akiwa na miaka ishirini na miwili. Alikanyaga bomu lililozikwa kwenye njia ya shamba, njia aliyoipita tangu utoto. Mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti. Mimi nilikuwa nimerudi karibuni kutoka Tanzania nilikosomea kazi hii, ndiko nilikookota na Kiswahili hiki cha barua ambacho nyote mnanicheka nacho. Nilikuwa na cheti, koti jeupe, na kiburi cha kutosha watu watatu. Kiden mama yako alikuwa mgonjwa wa kwanza niliyeachiwa peke yangu.

Ule mfupa wa muundi, pale ulipokatwa, una ncha, na juu ya ncha hakuna nyama, ni ngozi tupu. Fundi mwenye akili anaongeza plasta mahali pale, ili kikombe kikae mbali kidogo na mfupa. Plasta inabaki na nundu mbaya, kama mtu aliyeumwa na nyuki. Nilifundishwa hivyo, nikaandika hivyo kwenye mtihani. Nikaiweka nundu. Kisha nikaitazama plasta ikiwa juu ya meza, nikaona kila kitu kimekaa vizuri isipokuwa ile nundu, inaharibu umbo. Nikachukua tupa. Nikachukua msasa. Nikailainisha mpaka ikawa laini kama yai, na siku ile nilijisikia bingwa. Plastiki ikavutwa, plasta ikatoka nzima bila ufa, na wenzangu wakaja kuitazama. Nikaiweka rafuni. Kwa miaka mingi wanafunzi wakija niliishusha nikawaonyesha: tazameni kazi safi.

Mama yako akavaa mguu, akatembea kutoka ukutani hadi dirishani, akarudi. Nikamuuliza, "Iko aje?" Akasema, "Iko sawa." Na alikuwa anatabasamu. Na mimi nikamwangalia tabasamu, sikumwangalia mguu. Mwaka uliofuata nilikwenda Lurujo na wazee wangu kumposa.

Tulioana, ukazaliwa wewe. Kikombe kilipochakaa nilitengeneza kingine, na mjinga mimi sikumpima upya. Nilishusha ile plasta rafuni, nikavuta plastiki mpya juu yake. Kwa nini nipime? Plasta ilikuwa safi. Mara nne nimefanya hivyo, Ayikoru. Mara nne nimemvisha kosa lile lile, na kila mara nimemuuliza, na kila mara, "Iko sawa."

Mwalimu wangu kule Tanzania alikuwa ananikatiza nikizungumza. Mguu uko, ananiambia. Mtu yuko. Kitu kiko. Ninyi watu wa kwenu, kila kitu iko! Nilimcheka moyoni, nikaona ni mambo ya shule. Lakini nyumba yetu ilisimama juu ya neno hilo. Mama yako Mkakwa, mimi Mlugbara, na kila mmoja wetu alikuwa mvivu wa kujifunza lugha ya mwenzake, kwa hiyo tuliishi kwa Kiswahili cha barabarani. Sasa niambie wewe msomi: mwanamke akisema "iko sawa", ni nini iko sawa? Mguu? Yeye mwenyewe? Ndoa? Mvua? Neno halisemi. Mimi niliuliza habari za mguu, nikapewa jibu, nikalichukua kuwa ni la mguu kwa sababu ndilo lililonipendeza. Leo naamini alikuwa anajibu swali jingine kabisa. Alikuwa ananiambia yeye na mimi tuko sawa. Na huenda lile lilikuwa kweli. Lakini mguu haukuwa sawa hata siku moja.

Nilijua lini? Siku ya kumzika. Ulikuwa na miaka kumi na mitano, umeketi na wanawake ndani. Kaka zake walikuwa wamefika Adumi kutoka Koboko, na yule mkubwa akasimama kabla hatujafunga jeneza. "Dada yetu hapana kwenda nusu," akasema. "Mguu iko wapi?" Wazee wa kwetu wakabisha kwamba plastiki si mtu, haizikwi. Wakavutana mpaka mimi mwenyewe nikasema basi, nitaleta. Nikaingia chumbani nikauchukua. Ulikuwa mzito kuliko nilivyoujua.

Nikaingiza mkono ndani ya kikombe. Kulikuwa na vitambaa. Vipande vya kitenge, vimekatwa kwa mkasi, vimekunjwa na kushonwa pamoja duara, tabaka juu ya tabaka, na katikati ya duara tundu. Tundu lilikuwa mahali pa ncha ya mfupa. Alikuwa amejitengenezea mwenyewe nafasi niliyomnyima, kwa sindano, na alikuwa akiongeza kitambaa kila kilichotangulia kilipolala. Cha juu kilikuwa kipya. Cha chini kabisa nilikitambua, kilikuwa kipande cha pazia letu la kwanza, lile la maua mekundu. Nilimgombeza kwa pazia lile. Nilimuuliza ni panya gani wa Arua anayekata pazia kwa mkasi.

Kaka yake akasogea nyuma yangu akachungulia. "Hii nini?"

"Nguo tu," nikasema.

Hilo ndilo lenye aibu kuliko yote. Plasta nilikosea nikiwa kijana, kijana hukosea. Lakini pale nilikuwa mtu mzima, nimesimama mbele ya mke wangu amelala, na swali limeulizwa wazi, na nikasema nguo tu. Nikazirudisha ndani, tukauweka mguu pembeni yake, tukamzika. Sikumwambia mtu. Baada ya matanga nilikwenda karakana, nikaishusha plasta, nikapitisha kidole mbele pale. Laini. Nikaifunga kwa shati nikaiweka chini ya kitanda, na huko ndiko ulikoikuta.

Sasa unaelewa nilivyojisikia Jumapili ile? Kati ya plasta arobaini, nyingine zina nundu, nyingine zina makovu, nyingine zimepinda kama viazi, wewe ukachagua ile moja. Ukaiweka katikati. Nilikusikia ukimwambia Papa Yohana, "Hii ndio mutu ya kwanza, Papa. Ona vile iko laini." Binti yangu, macho yako ni yangu mimi, na hilo linanikera kuliko neno lolote uliloniambia. Uzuri ule uliokuvutia ndio uliomchoma mama yako miaka kumi na saba.

Sikukatazi kufikiri. Kila nikikaa kukukasirikia vizuri, nakumbuka jambo moja linaloniharibia hasira yangu. Mama yako alikuwa anawashwa na vidole vya mguu ule. Ule usiokuwepo. Wagonjwa wengi wako hivyo, na mimi kazini nilikuwa nawaeleza kitaalamu, habari za mishipa na ubongo, wanatikisa kichwa. Nyumbani ilikuwa tofauti. Tukiwa tumelala mchana wa Jumapili ananigusa bega, "Nikune." Nakuna wapi sasa? Ananielekeza: chini zaidi, kushoto. Na mimi, fundi mwenye cheti, nakuna shuka. Nakuna shuka tupu kwa kucha, na yeye anafumba macho anasema, "Hapo. Hapo hapo." Na anapona. Nilikuwa nalalamika kwamba ananifanya chizi. Leo ningekuna shuka lile mpaka litoboke.

Kwa hiyo huenda kuna kitu kinachobaki mahali ambapo mwili haupo. Siwezi kukubishia hilo, nimelikuna kwa mikono yangu. Ninachokubishia ni kwamba hakiumi. Ulipomwambia Mama Rebeka kwamba huko hakuna kuumia, ulimwambia kwa ushahidi gani? Kidole cha Kiden hakikuwepo na kiliwasha. Kama watu wako wa mbele watawekwa ndani ya taa, basi na wao watawashwa mahali fulani, na atahitajika mtu wa kuwauliza ni wapi, na kuwauliza mara ya pili wakisema iko sawa. Sanamu yako haina mtu huyo. Mimi si msanii, lakini nikiitazama naona hilo ndilo linalopungua.

Alhamisi nilikwenda sokoni kwa Mama Rebeka. Nilimuuliza kama amekubali plasta yake iende Kampala. "Iko sawa, nimesema kwa mutoto." Nikakaa kwenye ndoo. Nikamuuliza tena. Akauza samaki wawili, akaniambia haina shida. Nikamuuliza mara ya tatu, na hapo akaweka kisu chini. "Baba Ayikoru, wewe nasumbua. Haya. Mimi nataka ile alama yangu iangalie watu. Huyu mutoto amegeuza iangalie ukuta. Mimi naona haya na hiyo alama? Hapana. Hiyo alama ndio mimi." Basi ukifika huko uigeuze. Ilichukua dakika kumi kumjua mwanamke niliyemhudumia miaka tisa. Hesabu mwenyewe kwa mama yako nilihitaji dakika ngapi, na nilikuwa nalala naye kitanda kimoja.

Utaniuliza kwa nini sikukuambia haya zamani, ulipokuwa mtoto unanifuata karakana. Kwa sababu ulikuwa unaniona fundi mkubwa. Watu wa Oli nzima wananiita fundi, wewe ulikuwa unalitamka kama cheo cha mfalme, na mimi nililipenda. Ningekuambia, ungekuwa na miaka kumi na mitano, umefiwa na mama, halafu na baba pia umemkosa. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Ukweli ni kwamba nilikuwa nalinda koti langu jeupe.

Na sasa unaondoka. Nimechoka na ukimya wako, nimechoka na vumbi lako la plasta kwenye ugali wangu, nimechoka kujikwaa kwenye nyaya, na kuanzia kesho nyumba hii itakuwa safi na sijui nitafanya nini humo. Nitakukosa vibaya. Unaona, na mimi naweza kusema kitu bila kuulizwa mara tatu.

Plasta nimeitoa sandukuni mara ya tatu na safari hii sikuirudisha. Nimeipangusa vumbi, taa yake nimeiacha kama ulivyoiweka. Iko mezani, imefungwa kwa kitenge cha mama yako kile cha kijani. Ukitaka ibaki, iache hapo. Sanamu yako itakuwa na watu thelathini na tisa, Kampala hakuna atakayejua, na mimi sitakuuliza sababu. Ukitaka iende, iende na jina lake. Watu wakiuliza mbona ile ya katikati ni laini kuliko zote, waambie huyo ni Kiden wa Lurujo, mumewe alikuwa fundi, na fundi alikosea. Sema hivyo hivyo, usinipambe.

Lakini kama anakwenda, usimrudishe kwenye sanduku. Masanduku yanawekwa chini ya basi pamoja na magunia, na barabara ya kutoka hapa mpaka Karuma unaijua. Mpakate.

Baba yako